Kocha, elfu kumi yako ni elfu mbili

SWALI: "Nina miaka 28, nafundisha mazoezi ya mtu mmoja mmoja hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa nne. Nina cheti cha kozi fupi, cha nje sina. Wateja wangu nawafuata majumbani, Mikocheni hadi Mbezi Beach, na mimi nakaa Tabata. Natoza shilingi 10,000 kwa kipindi cha saa moja. Kwenye ratiba nina vipindi 20 kwa wiki, ila vinavyofanyika kweli ni kama 16. Vingine naambiwa vimeahirishwa nikiwa nimeshafika getini. Nauli ya boda na daladala ni kama 4,000 kwa kila kipindi. Bando, viatu na vifaa vinakula kama 70,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi sioni hela. Nikijaribu kutaja bei ya juu mtu anasema 'nipunguzie kocha', nami napunguza palepale. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna wanaotoza 5,000, kwa hiyo naogopa nikipandisha nitakimbiwa. Kuna mama mmoja wa Mbezi nilianza naye kwa 5,000, ana presha na sukari, ananiita mwanangu, analipa anapokumbuka. Yeye naona aibu hata kumgusia. Sasa kuna jimu inataka nihamie kwao, mteja atalipa 25,000, wao wachukue asilimia 40. Nifanyeje ili nijiamini ninapotaja bei?"

JIBU:

Mdogo wangu, umeuliza habari ya kujiamini, lakini katika maelezo yako sikuona mtu asiyejiamini. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri avuke mji kwenda kumwamsha mtu mwingine afanye mazoezi, miaka minne mfululizo, huyo anajiamini. Nilichokiona ni kocha anayetaja bei asiyojua ilitoka wapi. Bei ya namna hiyo mtu akiigusa kidogo inaanguka, kwa sababu hata mwenye nayo hajui imesimama juu ya nini. Kwa hiyo ngoja tuiweke karatasini kwanza. Ujasiri tutauzungumza baadaye, na nadhani utaona kwamba hapo hautakuwa umebaki mbali.

Chukua namba zako mwenyewe. Vipindi 16 kwa shilingi 10,000 ni 160,000 kwa wiki. Toa nauli, 4,000 mara 16, yaani 64,000. Zimebaki 96,000. Bando, viatu na vifaa ni 70,000 kwa mwezi, kwa wiki ni kama 16,000. Umebaki na 80,000. Sasa hesabu muda wako wote. Kipindi ni saa moja kwa mteja, lakini wewe umetoka Tabata, umekaa foleni, umesubiri mtu anywe chai yake, umerudi au umekwenda kwa mwingine, na usiku umepanga mazoezi ya kesho. Nikikadiria kwa upole, kila kipindi kinakula saa mbili na nusu za maisha yako. Mara 16 ni saa 40. Gawa 80,000 kwa saa 40.

Elfu mbili. Hiyo ndiyo bei unayotoza kwa saa, na hapo sijagusa zile safari ulizofika getini ukaambiwa na mlinzi kwamba bosi amesafiri. Nazifahamu safari hizo. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilifika kwenye nyumba moja nimelowa mvua ya masika kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, mlinzi akaniambia kwa huruma kabisa, "Kaka, jana usiku wameenda Arusha." Niliporudi nyumbani sikumlaumu mtu. Niliona ndiyo kazi ilivyo. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kazi haiko hivyo, ila mimi ndiye niliyeipanga hivyo.

Nakisia elfu kumi yako ilizaliwa namna hii: mteja wa kwanza alikuuliza "ni bei gani?", ukajitazama, ukafikiria wewe mwenyewe ungeweza kumlipa kocha kiasi gani, ukataja. Makocha wengi tulianza hivyo. Tatizo ni kwamba ulipima kwa mfuko wako, na mfuko utakaolipa ni wa mwingine. Ulitaja bei ambayo wewe usingeshindwa kuilipa, kwa mtu ambaye huenda analipa zaidi ya hiyo kusukwa nywele au kujaza mafuta kwenye gari la kumpeleka dukani. Simsemi vibaya. Nasema tu kwamba kujua anachoweza kulipa si kazi yako, na huna namna ya kukijua. Unachoweza kukijua ni gharama yako na thamani ya unachokifanya. Tuzitazame zote mbili.

Gharama kwanza. Andika unahitaji kiasi gani kwa mwezi ili uishi kama mtu anayefanya kazi ya heshima, bila anasa na bila kukopa. Sijui maisha yako kwa ndani, kwa hiyo nitatumia mfano, nawe ubadilishe. Kodi ya chumba 120,000. Chakula, umeme, maji na mengineyo 350,000. Wazazi nyumbani 80,000. Akiba na bima 100,000. Bando, vifaa na kujisomea 100,000. Kodi ya serikali, weka kando 50,000. Jumla 800,000 kwa mwezi, yaani 9,600,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi wanakosea: wanagawa kwa wiki 52. Mwaka wa kocha hauna wiki 52. Kuna wiki ya malaria. Kuna Ramadhani, ambapo wateja Waislamu wanahamia usiku baada ya futari au wanapumzika kabisa. Kuna Desemba, nusu ya Mbezi imepanda Moshi na nusu nyingine iko kwenye harusi. Kuna siku za masika ambazo barabara zimejaa maji na boda haipiti. Mimi huhesabu wiki 44, na sijawahi kujuta. Wiki 44 mara vipindi 16 ni vipindi 704. Gawa 9,600,000 kwa 704, unapata kama 13,600. Hiyo inatakiwa ibaki mkononi kwako kwa kila kipindi. Ongeza nauli 4,000. Umefika 17,600. Tuite 18,000.

Tazama namba hiyo vizuri. Haina tamaa ndani yake. Kila shilingi ina kazi yake, na mtu akikwambia "mbona ghali?", hutatafuta cha kujibu, kwa sababu wewe ndiye uliyeiona ikijengwa kutoka chini. Huo ndio ujasiri uliokuwa unautafuta.

Sasa hofu yako ya kukimbiwa. Hofu hii ina haki ya kusikilizwa, kwa hiyo nitaijibu kwa hesabu, sitaijibu kwa maneno ya kutia moyo. Kwa bei ya 10,000, ukitoa nauli, kipindi kimoja kinakuachia 6,000. Kwa bei ya 18,000 kinakuachia 14,000. Leo vipindi 16 vinakupa 96,000 baada ya nauli. Kwa bei mpya, vipindi saba tu vinakupa 98,000. Soma tena hapo. Unaweza kupoteza vipindi tisa kati ya kumi na sita, zaidi ya nusu ya kazi yako, na bado hela ya wiki isipungue, huku ukiwa umejirudishia zaidi ya saa 20 za kulala, kusoma au kutafuta wateja wengine. Sababu ni kwamba nauli yako haipandi unapopandisha bei. Kila shilingi unayoongeza juu ya elfu kumi inabaki yote mfukoni. Kinyume chake ni kweli pia, na ndicho kinachouma: kila unapompunguzia mtu 2,000, wewe unafikiri umepunguza sehemu moja ya tano, kumbe umekata theluthi ya kile kilichokuwa kinabaki kwako.

Pamoja na hayo, sitakushauri uamke kesho uwatangazie wote 18,000. Mtu mwenye kodi ya chumba inayodaiwa hapaswi kucheza kamari na wateja wote kwa siku moja. Mteja mpya, kuanzia leo, 18,000. Wa zamani wape taarifa ya mwezi mzima: watalipa 14,000 kwa miezi mitatu, kisha wataungana na wengine. Na nikuambie ukweli mwingine: bei hii inafaa kwa sababu unafundisha Mikocheni na Mbezi Beach. Ungekuwa unafundisha mtaani kwako Tabata, au ungekuwa Singida mjini, ningekupa ushauri tofauti. Huko ningekwambia ukusanye watu sita kwenye uwanja wa shule, kila mmoja atoe 4,000, uondoke na 24,000 kwa saa moja bila kupanda boda. Si kazi ya daraja la chini, ni kazi ya aina nyingine.

Hapo tunafika kwa wale wa 5,000 kwenye kundi lenu. Wengi wao, ukichunguza, wanauza kitu kingine: mbio za pamoja za Jumamosi, muziki na kupiga tizi ufukweni Coco. Ni jambo zuri na linasaidia watu. Lakini aliyekuja kwako goti likiwa linamuuma hawezi kupata huduma yako pale, kwa sababu katikati ya watu 30 hakuna anayetazama goti lake linavyoelekea anapochuchumaa. Wengine kwenye kundi hilo wanatoza 5,000 kwa kazi kama yako hasa, na hao hawajafanya hesabu tuliyoifanya hapa. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Walikuwa makocha wazuri. Leo wengi wanafanya kazi nyingine.

Thamani sasa. Mteja akikuuliza analipia nini, usimjibu "saa moja ya mazoezi". Saa moja ya kutoka jasho anaweza kuipata bure kwenye simu yake. Anachokilipia ni macho yako, kumbukumbu yako na mpango wako. Wewe ndiye unayejua kwamba mwenye presha hatakiwi kubana pumzi anaponyanyua uzito, kwa sababu kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla. Unajua kwamba anayetumia insulini sukari yake inaweza kushuka wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, kwa hiyo unamuuliza amekula saa ngapi na unahakikisha kuna kitu kitamu karibu. Unajua pia kwamba kitambi hakiyeyuki kwa kufanya mazoezi ya tumbo peke yake, mwili hauchagui kuchoma mafuta pale unapouelekeza, na kwa kulisema hilo siku ya kwanza unamwepusha na matangazo ya "kitambi kwisha wiki mbili".

Kuna jambo moja la kimwili linalogusa bei moja kwa moja, na naona makocha wengi hawaliunganishi. Wiki za mwanzo mteja anapata nguvu kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe bado haijakua kiasi cha kuonekana. Mabadiliko ambayo mtu anayaona kwenye kioo kwa kawaida yanataka wiki nane hadi kumi na mbili. Sasa fikiria mteja anayelipa kwa siku. Wiki ya tatu anatazama kioo, haoni kitu, na kila asubuhi anatakiwa aamue upya kama atatoa elfu kumi. Unashangaa anaahirisha? Mfumo wako wa malipo unamuuliza swali gumu katika wakati mbaya kabisa. Ndiyo maana nakuambia acha kuuza siku. Uza wiki 12. Anaamua mara moja, mwili wake unapata muda unaouhitaji, nawe unapata muda wa kuonyesha matokeo.

Na ili uyaonyeshe, uyapime. Siku ya kwanza andika kiuno kwa futi ya fundi cherehani, mapigo ya moyo akiwa amepumzika, anaweza kukaa na kusimama kwenye kiti mara ngapi kwa nusu dakika, anapanda ngazi ghorofa ngapi kabla ya kusimama. Rudia kila wiki ya nne. Usiahidi kilo, kilo zinategemea mambo mengi yanayotokea jikoni kwake wewe haupo. Lakini daftari linaloonyesha kwamba mtu aliyekuwa anasimama ghorofa ya kwanza sasa anafika ya tatu huku anaongea litakusemea kuliko picha ya kifua chako. Daftari hilo litunze vizuri. Habari za afya ya mtu ni siri yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usirushe picha ya mteja kwenye "status" yako bila ridhaa yake, hata kama umefurahi.

Twende kwenye "nipunguzie kocha". Neno hilo limekutesa bure. Sisi tumelelewa sokoni. Mtu anayekuomba upunguze hajakudharau wala hajakataa. Mara nyingi ameshakubali moyoni, anajaribu tu mlango kama umefungwa. Kosa lako ni kwamba unaufungua kabla hajausukuma. Nina hakika ukitaja bei unaongeza "lakini maelewano yapo", au "ila tutaongea". Achana na maneno hayo. Taja bei, kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kirefu sana kwako, na kwa mwenzako kitakuwa kifupi, kwa sababu yeye anapiga hesabu.

Sema hivi, kwa sauti ile ile unayotumia kumwambia mtu anyooshe mgongo: "Mpango ni wa wiki 12, mara mbili kwa wiki. Kila mwezi ni vipindi nane, shilingi laki moja na elfu arobaini na nne, inalipwa mwanzo wa mwezi." Basi. Akisema umpunguzie, mjibu kwa tabasamu: "Bei ya kipindi haishuki, dada yangu, ila naweza kupanga upya ili ikufae." Kisha punguza kazi, usipunguze bei. Alitaka siku tatu? Mpe mbili, na za ziada afanye mwenyewe kwa ratiba utakayomwandikia. Hapo hudanganyi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Vipindi vyako viwili vinampa zile siku mbili za nguvu na dakika kama 120. Akitembea kwa kasi nusu saa siku nyingine mbili, amefika. Au mwambie aje na mume wake, au jirani, wagawane: wawili pamoja 26,000, kila mmoja 13,000. Wao wamelipa pungufu, wewe umepata zaidi, na nauli ni ile ile. Hayo ndiyo maelewano ninayoyapenda, kwa sababu hakuna aliyelia.

Kuhusu malipo ya mwanzo wa mwezi, najua unawaza "watanionaje?" Watakuona kama shule, kama kodi ya nyumba, kama kila kitu kingine wanachokilipa kabla. Weka lipa namba, tuma risiti kwa ujumbe, andika kanuni mbili tu. Ya kwanza inamhusu yeye: anayeahirisha chini ya saa 12 kabla, kipindi kimehesabika. Ya pili inakuhusu wewe: ukichelewa zaidi ya dakika 15 au ukikosa kwa sababu yako, unamfidia kipindi bure. Usiache ya pili. Ndiyo inayofanya ya kwanza isionekane ya unyang'anyi. Msiba, homa ya mtoto, hayo hayana kanuni, hamisha kipindi na umpe pole.

Sasa hiyo jimu. Usiikatae kwa hasira ya asilimia 40, na usiikubali kwa sababu ya jina. Mteja analipa 25,000, wewe unabaki na 15,000. Nyumbani, kwa bei yako mpya, unabaki na 14,000 baada ya nauli. Zinafanana, mpaka uweke muda: kipindi cha nyumbani kinakula saa mbili na nusu, kwa hiyo unapata 5,600 kwa saa. Jimu, wateja wakifuatana mmoja baada ya mwingine, kipindi na maandalizi ni saa moja na robo, yaani 12,000 kwa saa, ukitoa tu nauli moja ya siku. Kwa hesabu hiyo jimu inashinda kwa mbali.

Lakini hesabu hiyo ina neno moja linalobeba kila kitu: wakifuatana. Ukikaa jimu saa nane ukapata wateja wawili, umepata 30,000 kwa siku nzima na umefunga milango ya Mbezi. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: nani anatafuta wateja, mimi au nyinyi? Nikija na mteja wangu mwenyewe, mnachukua bado asilimia 40? Saa ambazo sina mteja, nitatakiwa kusimama ukumbini kusaidia wanachama wengine, na nitalipwa kwa hilo? Nikiondoka, naruhusiwa kufundisha wateja wangu? Mteja akiumia kifaa kikiwa kibovu, nani anawajibika? Ukiona wanajibu kwa mdomo tu na hawataki kuandika, hilo nalo ni jibu. Mkataba ukiwa mrefu na una kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwingine, tafuta wakili ausome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mimi binafsi, ningekuwa wewe, ningeomba nianze na siku tatu za asubuhi pale jimu kwa miezi mitatu, na siku zilizobaki nihudumie nyumbani wateja wanaokaa jirani kwa jirani. Jumanne Mikocheni tu, Alhamisi Mbezi tu. Kupanga wateja kwa mtaa peke yake kunaweza kukupunguzia nusu ya safari.

Umetaja cheti mara moja, kama mtu anayetaja kidonda. Cheti cha ukocha cha ACE au NASM, taasisi za Marekani, kinafungua milango, hasa kwa wateja wa kigeni na hoteli kubwa, lakini kinagharimu mamia ya dola na mtihani ni wa Kiingereza. Usikinunue kwa mkopo ili ujisikie unastahili bei yako. Kinunue ukiwa na akiba, na ukiwa umeona wateja wanaokiulizia. Cha kufanya mwaka huu ni mafunzo ya huduma ya kwanza, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinayatoa. Kocha anayejua kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka ana kitu ambacho hakuna anayepaswa kumwomba akipunguzie bei. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza.

Kodi nitaigusa kidogo kwa sababu haifai kujibiwa kwa maandishi bila kuona karatasi zako. Kama huna TIN, nenda ofisi ya TRA iliyo karibu nawe ukaiombe, hailipiwi. Waeleze kazi yako ilivyo, wakuambie unaangukia kundi gani la walipa kodi. Ukiogopa, nenda na mhasibu. Ukiwa hapo mjini pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, waliojiajiri wanaruhusiwa kuchangia kwa hiari. Magoti yako hayatachuchumaa hivyo miaka 30.

Nimemwacha mama wa Mbezi mwisho kwa makusudi, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyekufanya uandike.

Umeona aibu kumgusia bei, nakuelewa. Anakuita mwanangu, na mtoto hamdai mama. Ila nataka utazame upande wa pili. Mtu mwenye presha na sukari anayefanya mazoezi bila utaratibu, analipa anapokumbuka na pengine anafanya anapokumbuka, hapati kile anachokihitaji. Kwake yeye kukosa mpangilio ni hatari kuliko kwa wateja wako wote. Kwa hiyo lianze la afya, la bei lifuate. Je, daktari wake anajua kwamba anafanya mazoezi? Anatumia dawa gani? Presha yake wiki hii ni ngapi? Kama huna majibu hayo kwenye daftari, simamisha mazoezi mazito, mbaki kwenye kutembea taratibu hadi aende kliniki yake arudi na maneno ya daktari, ikiwezekana yaliyoandikwa. Na siku yoyote akisema kifua kinambana, pumzi inakata, kizunguzungu, au anatoka jasho la baridi na kutetemeka, kipindi kimeisha hapo hapo. Kama ni dalili za sukari kushuka na ana fahamu zake, mpe kitu kitamu. Maumivu ya kifua ni hospitali moja kwa moja, usiseme tupumzike tuone.

Kisha la bei. Usimwandikie ujumbe wa jumla uliowatumia wengine. Mfuate, kaa, mwamkie vizuri, mwambie: "Shikamoo mama. Mama, nataka nikuhudumie kwa mpango kama daktari anavyotaka, mara mbili kwa wiki, na kila wiki nitakuwa nakupima presha kabla hatujaanza. Wengine mwezi wanalipa 144,000. Wewe ulinipokea sijulikani, kwa hiyo wewe utalipa 80,000, mwanzo wa mwezi, na haitapanda mwaka huu." Hiyo ni 10,000 kwa kipindi, chini ya gharama yako, na unaitoa kwa kuijua. Kabla hukujua ulikuwa unatoa nini. Sasa ni zawadi yenye jina na ukomo, kwa mtu mmoja, kutoka kwa mtu anayejua imemgharimu kiasi gani. Usiwe na wawili wa namna hiyo kwa wakati mmoja mpaka ratiba yako ijae.

Akikataa, mama huyo bado anastahili uhakikishe amefika kliniki. Lakini mpigie leo kwa ajili ya daktari. La 80,000 linaweza kusubiri wiki ijayo.